Kutafuta habari za babu aliyekuwa Keya, ukiwa Lindi au Mtwara

Keya ni askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Usianze na jina, anza na adui. Waulize wazee babu alipigana na nani. Wakisema Mtaliano, hiyo ni Uhabeshi (Ethiopia) na Somalia, 1940–1941. Mfaransa ni Bukini (Madagaska), 1942. Mjapani ni Burma, wazee huita Bama, 1944–1945.

Kisha fungueni sanduku lake. Nyota (medali zenye umbo la nyota) za vita ya pili ya dunia zilizotolewa na Uingereza hazikuchongwa majina: zitakuonyesha alikopigana, si jina la mwenyewe. Medali ya vita ya kwanza huweza kuwa na namba na jina ukingoni, kwa hiyo msiing'arishe kwa ndimu na majivu, herufi zinafutika. Kwenye cheti, kitu cha thamani ni namba ya askari. Inakili pamoja na herufi zinazoitangulia. Karatasi zilizogandana kwa unyevu wa pwani msizibandue kwa nguvu, wala msizitie plastiki. Pigeni picha dirishani, bila flashi.

Sasa jina, na hapa ndipo wengi hukwama. Karani aliandika alichosikia: Saidi, Saide, Said, L ikawa R. Mara nyingi liliandikwa jina lake na la baba tu, "Hamisi bin Ali", na ukoo mnaoutumia leo haumo. Ulizeni pia jina la jando na la ubatizo. Kwa mahali, tafuta Lindi, Mikindani, Newala au Masasi. Mtwara ilikua baadaye, na bandari ya mradi wa karanga.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha mtandaoni, bure, ila ni ya waliokufa tu (kwa vita ya pili, 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947). Aliyerudi nyumbani hayumo. Ukiwa na jina moja tu la kutafuta, liandike kwenye nafasi ya jina la ukoo.

Kwa aliyerudi, fuata batalioni. Za Tanganyika ni pamoja na ya 6, ya 26 na ya 36. Hizi mbili za mwisho zilikuwa Burma, chini ya divisheni ya 11, yenye alama ya kichwa cha kifaru. Shajara za vita za batalioni ziko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, chini ya namba hizi za majalada: WO 169 kwa Afrika Mashariki, WO 174 Bukini, WO 172 Burma. Zinataja mapigano na tarehe; askari wa kawaida hutajwa kwa nadra.

Wapagazi wa vita ya kwanza wengi hawakuandikwa popote. Kwao shika majina ya mahali pa mapigano: Mahiwa ni Oktoba 1917. Na uliza mzigo ulikuwa wa Mjerumani au wa Mwingereza.