Jinsi ya kumtambua Krishna juu ya nyoka Kaliya, usije ukamuita Shiva

Hii ni kwa wale wakiingia makumbusho wakaona sanamu ya bronzi ya mungu wa Kihindu anacheza, basi fasta "Shiva huyo". Tulia kwanza, anza kuangalia chini.

Ukikuta mbilikimo kakanyagwa, mchezaji ana mikono minne na kazungukwa na duara la moto, hapo sawa, ni Shiva, wanamuita Nataraja. Ila ukikuta swila katanua shingo na anayecheza juu yake ana mikono miwili tu, mwili wa kitoto kitoto, huyo ni Krishna, mungu mwingine wa Kihindu, na nyoka ni Kaliya, yule aliyetia sumu mto Yamuna mpaka maji yakawa hayanyweki.

Sasa njoo kwenye mikono, hapa ndo penye utamu. Wa kushoto umeshika mkia wa nyoka, wa kulia kiganja kinakutazama wewe, maana yake usiogope. Mkia usipouona usikimbilie kusema Kaliya, kuna Krishna mtoto mwingine anacheza vilevile, mguu juu hivyohivyo, ila yeye anashangilia siagi tu 😂

Halafu mcheki nyoka mwenyewe. Kwenye zile za enzi za ufalme wa Chola, Tamil Nadu huko kusini mwa India, karne ya 9 mpaka ya 13, mara nyingi kuanzia kiunoni kwenda juu ni mtu kabisa, kaunganisha viganja anaomba msamaha. Ndo maana huoni mkuki wala damu, Kaliya hakuuawa bana, wake zake walimuombea akaambiwa ahame aende baharini, kwa hiyo wanaoandika "Krishna akimuua nyoka" hata hiyo mikono hawajaiangalia.

Usiondoke bila kuchungulia kitako. Kuna matundu au pete, humo walipitisha miti wakaibeba sanamu mabegani siku ya sikukuu, imevishwa nguo na maua hadi unaona uso tu. Na ule mkia mwembamba ulianza kama nta ya nyuki, ukapakwa udongo, nta ikayeyushwa ikatoka, bronzi iliyoyeyushwa ikamiminwa, kisha udongo ukavunjwa, ndo maana hakuna mbili zinazofanana. Mafundi wa Swamimalai, mji wa huko huko Tamil Nadu, bado wanafanya hivyo mpaka leo, kwa udongo wa mto Kaveri.