Usilipie pengo la michango kabla hujajua ni pengo la aina gani

Wifi yangu aliacha kazi baada ya likizo ya uzazi, akalea watoto wawili kwa miaka minne, kisha akarudi kazini. Siku alipoangalia taarifa yake ya michango ya pensheni alikuta miezi 60 mitupu, akataka kuanza kuilipia yote jioni ile ile. Nikamwambia asubiri kwanza.

Hatua ya 1: Omba taarifa kamili

Iwe ya mwezi kwa mwezi, tangu mchango wa kwanza. Ichapishe. Programu ya simu naijua, lakini siipendi kwa kazi hii, maana miaka mingi haienei kwenye kioo kidogo.

Hatua ya 2: Tenganisha miezi mitupu

Hapa tulimaliza Jumamosi mbili. Nilidhani mwezi mtupu ni mwezi mtupu, kumbe kuna aina tatu.

Kwanza, miezi ya likizo ya uzazi yenye mshahara. Chukua hati za mshahara za wakati huo. Kama makato yanaonekana kwenye hati lakini kwenye taarifa hakuna kitu, deni ni la mwajiri. Usimlipie. Mwandikie barua, nakala ipeleke kwenye mfuko wa pensheni. Ila angalia: kuna nchi ambako anayekulipa wakati wa likizo ni mfuko wenyewe, na huko miezi hiyo ina utaratibu wake. Wifi alikuwa na miezi 3 ya namna hii.

Pili, miezi iliyolipwa ikaenda kwingine. Wifi alibadili jina alipoolewa, na aliporudi kazini mwajiri mpya akamsajili upya. Miezi 9 ilikuwa imelala kwenye namba ya pili ya uanachama, na sisi tulikuwa tayari kuilipia tena! Dawa yake ni cheti cha ndoa, kitambulisho cha sasa, namba zote mbili na ombi la maandishi la kuziunganisha. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Tuliambiwa kaunta kwamba "imeshaunganishwa". Taarifa mpya ikatoka vile vile. Ilibidi turudi mara mbili, na ni ile nakala yenye muhuri iliyotuokoa.

Tatu ndiyo miezi ya kulea kweli, kwake 48. Hata hii usiikimbilie kwa pesa, kwa sababu baadhi ya nchi humhesabia mzazi miezi hiyo kama imechangiwa, bila yeye kulipa. Ujerumani, mtoto aliyezaliwa kuanzia 1992 humpa mzazi mmoja hadi miaka 3. Uingereza, anayepokea posho ya mtoto aliye chini ya miaka 12 huhesabiwa mwaka wa malezi. Lakini kuhesabiwa si lazima kuje kwenyewe. Huko huko Uingereza, akina mama wengi walioomba posho kabla ya mwaka 2000 bila kuandika namba yao ya bima ya taifa, yaani ile ya michango, walikuja kukuta miaka yao ya malezi haimo kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo uliza kama haki hiyo ipo unakochangia, nani kati ya wazazi anahesabiwa, na fomu ni ipi. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto uende navyo.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Tafuta kiwango cha chini cha kupata pensheni: Tanzania ni miezi 180, Uingereza miaka 10, na 35 kwa pensheni kamili. Jumlisha ulichonacho na miaka ya kazi iliyobaki. Kama unavuka kiwango cha chini, kuziba pengo ni suala la ukubwa wa pensheni tu.

Kumbuka pia kwamba mafao ya uzazi na ulemavu mara nyingi hutazama michango ya karibuni. Kuziba pengo la zamani hakukusaidii hapo.

Hatua ya 4: Lipa, kama bado kuna sababu

Uliza kwanza kama kulipia miaka iliyopita kunaruhusiwa, na ukomo wake. Uingereza kwa kawaida ni miaka 6 nyuma. Kama hairuhusiwi, changia kwa hiari kuanzia sasa. Lipa benki kwa namba ya kumbukumbu, kamwe usimpe mtu mkononi.

Wifi atavuka kiwango cha chini kwa kazi aliyonayo, hivyo ile 48 ameiacha. Mwajiri wa zamani ameleta miezi miwili. Mwezi mmoja uliobaki bado tunamdai.