Fri throo kwa timu ya wanawake ya chuo: kocha punguza kelele, badilisha mazoezi

Fainali ya kikapu ya vyuo vya Marekani kwa wanawake 2019, pale Tampa, Notre Dame wako nyuma ya Baylor pointi mbili, zimebaki sekunde 1.9, na Arike Ogunbowale yuko kwenye mstari ana fri throo mbili, yani mitupo ya bure baada ya kufanyiwa faulo, kila moja pointi moja. Huyu sio wa kubahatisha, mwaka mmoja kabla yeye ndo aliwapa ubingwa kwa shuti la mwisho kabisa, na siku hiyo alikuwa na pointi 30 tayari. Ya kwanza ikakataa. Ya pili alitaka ikatae makusudi ili wenzie wagombee ribaundi, yani mpira unaorudi kutoka kwenye ringi, hiyo sasa ndo ikaingia! Baylor 82, Notre Dame 81.

Kwaiyo kocha, binti akikosa, ile habari ya "hana moyo, hajitumi" iache. Moyo wanao. Mara nyingi wanachokosa ni mazoezi yanayofanana na gemu, na hiyo ni kazi yako wewe, sio yake.

Kwanza mpira. Wanawake wanatumia saizi 6, wanaume saizi 7, na kwenye vyuo vingi mipira ni ya kugombania na timu ya wavulana, unakuta mabinti wiki nzima wanapiga saizi 7 alafu Jumamosi wanapewa 6, mpira unapaa juu ya ringi wanashangaa. Hata kama iko mitatu tu ya saizi 6, iwekwe kwa ajili ya fri throo.

Alafu jifunze kuangalia mpira unakosea wapi, maana "lenga vizuri" sio maelekezo. Ukifika mfupi, ukagonga ringi ya mbele, tazama magoti, mara nyingi amechoka anapiga kwa mikono tu. Ukienda kushoto au kulia, tazama kiwiko kama kimetoka nje, na tazama dole gumba la ule mkono wa kusaidia. Hili dole gumba wengi hawalioni. Mkono wa pembeni kazi yake ni kushikilia tu, ila mtu akiwa na presha dole linasukuma kidogo pale mpira unapotoka, na mpira unazunguka kiupande upande badala ya kurudi nyuma. Simama mbele yake chini ya ringi uutazame unavyozunguka, utaliona. Dawa yake apige kwa mkono mmoja kwanza, karibu na ringi, kama hatua mbili hivi, neti ikishaanza kulia anarudi nyuma taratibu mpaka mstarini.

Miguu nayo. Viwanja vingi vya mbao Marekani vina kitundu cha msumari katikati ya mstari, wapigaji wanapanga mguu wa upande wa mkono wa kupigia hapo hapo kila siku. Cha kwenu ni sementi? Pima katikati uweke alama ya rangi, yatosha.

Sasa rutini, na hapa usilazimishe timu nzima ifanye kitu kimoja. Mmoja anadunda mara tatu, mwingine mara moja na kuvuta pumzi, mwingine anazungusha mpira mkononi, sawa tu, cha msingi asibadilishe. Elena Delle Donne aliyetokea chuo cha Delaware alikuwa kati ya wapigaji bora kabisa wa fri throo WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake Marekani, zaidi ya asilimia 90, na ukimwangalia ungechoka, ni kitu kile kile gemu baada ya gemu. Ila angalieni saa: vyuo vya Marekani wanapewa sekunde 10, sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, tunazocheza sisi huku ni sekunde 5 tangu refa akupe mpira, kwaiyo rutini ya kuiga Yutyubu inaweza ikawakosesha pointi bure.

Mazoezi yenyewe: acheni kupiga hamsini mfululizo mwishoni huku wengine wanafunga viatu. Kwenye gemu hakuna anayepiga hamsini, anapiga mbili, anahema, jasho linaingia machoni, watu wanapiga kelele. Basi wakimbie, katikati ya zoezi piga filimbi, taja jina, mmoja aende apige mbili wenzie wamejipanga kwenye nafasi za ribaundi, mnaendelea. Andika kwenye daftari kila siku, ngapi amepiga ngapi zimeingia, na kila mtu aone zake. Hilo daftari linatia moyo kuliko hotuba yoyote ya chenjing rumu, mtu akiona alikuwa anaingiza nne kwenye kumi sasa ni sita, haambiwi ajitume.

Kukimbizwa kwa sababu umekosa mimi siungi mkono kabisa. Ukiifanya timu nzima ikimbie kwa ajili yake, siku ya gemu akisimama pale hafikirii ringi, anafikiria sura za wenzie. Bora washindane wawili wawili, aliyeshindwa aokote mipira, wanacheka maisha yanaendelea. Na kama mtu ameporomoka ghafla muite pembeni, sio mbele ya watu, "vipi dada, mambo yako sawa?", unaweza kukuta ni wiki ya mitihani hapati usingizi, au ada haijalipwa, na kiwiko hakina shida yoyote.

Kwenye gemu kumbukeni kuanzia faulo ya tano ya timu kwenye kota ni fri throo mbili, vyuo vya wanawake Marekani nao wanacheza hivo tangu msimu wa 2015-16. Maana yake dakika ya mwisho mkiongoza watawafauli makusudi, na watamtafuta yule dhaifu. Fungua daftari, wale watatu wa juu ndo wapokee mpira, wengine waambiwe mapema wasiusogelee, na uwaambie kwa upole maana inauma. Faulo ya kiufundi kwa wapinzani, ile ya utovu wa nidhamu kama kumfokea refa, kocha unachagua mpigaji, Caitlin Clark wa chuo cha Iowa alivyompita Pete Maravich kwenye rekodi ya pointi za vyuo Marekani Machi 2024 dhidi ya Ohio State ilikuwa ni fri throo za hivyo hivyo. Jina la huyo mpigaji lijulikane kabla hamjaingia uwanjani, sio mnaanza kuangaliana refa ameshashika mpira.