Somo: Kanga na joho za wazee ndani ya nyumba ya mawe

Nyumba zetu za Lamu na Mji Mkongwe zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na kuta zake hunyonya maji. Masika ukifungua kasha, harufu ya ukungu ndiyo inayokupokea. Nguo za bibi huozea humo humo tunamodhani ziko salama.

1. Zitoe zote, uzitandaze juu ya shuka safi. Vua pete na bangili. Piga picha, kisha andika nguo ilikuwa ya nani, aliivaa siku gani, alipewa na nani. Uulize leo, wazee wangali hai.

2. Joho la sufu na nguo za hariri huliwa na nondo. Lifunge vizuri ndani ya plastiki, liweke kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki 2. Ukilitoa usilifungue mpaka kesho yake, maana likiwa bado baridi unyevu wa hewa utalilowesha.

3. Mbao za kasha hutoa asidi inayoacha madoa ya kahawia. Nunua marekani, ile nguo ghafi isiyotiwa rangi. Ifue kwa maji moto bila sabuni ya manukato. Maji ya kwanza hutoka mazito kama uji mwepesi, huo ndio wanga uliomo kwenye nguo mpya. Rudia mpaka yatoke safi, ikaushe, ndipo utandike kasha.

4. Usikunje, viringisha. Kanga ya bibi yangu ilikatika mstari mmoja mnyoofu kama wembe, palepale ilipokunjwa miaka yote. Nililia.

5. Kasha liinue sakafuni, lisiguse ukuta.

Maswali

Shikamoo mwalimu. Mama anataka nitie udi na vikuba vya asumini humo.
— Marahaba mwanangu. Moshi wa udi una mafuta, na asumini ikinyauka hutia madoa. Fukiza nguo unazovaa. Kikuba kiweke juu ya kasha, kwa nje.

Naftalini je?
— Hapana, dada. Mvuke wake si mzuri kwa mwenye kulala chumba hicho. Friza inatosha.

Kanga imeota ukungu, niianike juani halafu niifue?
— Ianike kivulini penye upepo. Jua litapausha rangi, na rangi hairudi. Ikikauka, ipanguse nje kwa brashi laini, umeziba pua na mdomo. Kufua subiri: gusisha pamba yenye maji pembeni pa pindo. Pamba ikitoka na rangi, kanga usiitie majini.