Kunyoosha Misimbo Iliyopachikana katika Lugha ya R
Katika R, lugha ya programu ya takwimu, msimbo kama round(mean(sqrt(x)), 2), unaotafuta vipeuo vya pili vya x, kisha wastani wake, kisha kuukadiria hadi desimali 2, humlazimu msomaji aanzie ndani, kwenye x, kisha atoke nje huku akihesabu mabano, na ile 2 huonekana haina mwenyewe. Tangu toleo la 4.1.0 la mwaka 2021, R ina alama ya |>, ambayo huchukua tokeo la kushoto na kuliingiza kuwa hoja (thamani inayopewa funksheni) ya kwanza ya funksheni iliyo kulia. Hivyo andika x |> sqrt() |> mean() |> round(2), wala usiache mabano hata yakiwa matupu. Mnyororo ukirefuka, kata mstari baada ya alama, kwani ukianza nayo mstari mpya, R hutoa kosa. Tokeo la kati likihitajika mara mbili, naona afadhali ulipe jina: wastani <- mean(x).