Kujiandaa na mtihani wa CCNA ukiwa kazini, bila madesa

Kila wiki napokea ujumbe wa aina moja: "Shikamoo kaka, nimemaliza diploma ya TEHAMA, nianze na cheti gani?" Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja, sasa naona bora niandike yote mahali pamoja. Mimi ni fundi mitandao, niko Mwanza, na kazi hii nimeianzia chini kabisa: kuvuta kebo juu ya dari za maduka ya Makoroboi, vumbi machoni, tochi mdomoni. Mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, niliufaulu mwaka 2021 nikiwa kazini na mtoto mchanga nyumbani, nikakihuisha cheti mwaka 2024.

Cheti kichague kwa kazi unayoifanya au unayoitaka, usifuate jina linalovuma. Kama unatengeneza kompyuta na kuhudumia watumiaji, CompTIA A+ inakufaa, nayo ina mitihani miwili. Kama unagusa swichi na ruta, vifaa vya kuunganisha mitandao, nenda CCNA ya Cisco. Wengi wananiambia wanaitaka CISSP, cheti cha usalama wa mifumo, moja kwa moja kwa sababu wamesikia habari za mshahara wake. CISSP inadai miaka mitano ya kazi ya usalama wa mifumo, katika angalau maeneo mawili kati ya manane ya mtihani, na shahada inaweza kukupunguzia mwaka mmoja tu. Ukifaulu karatasi kabla ya kutimiza miaka hiyo, cheti chenyewe kinakusubiri. Napenda utaratibu huo. Hata udaktari haupatikani kwa karatasi tu. Lazima kwanza usimame wodini chini ya jicho la mkubwa wako.

CCNA haikudai uzoefu wala cheti kingine. Mtihani ni mmoja, namba 200-301, dakika 120, ada dola 300 za Marekani bila kodi, na cheti kinaishi miaka mitatu. Maeneo ni sita, na hayana uzito sawa. Namna pakiti za data zinavyopata njia kupitia ruta peke yake ni asilimia 25. Misingi ya mitandao ni 20, swichi na VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi zile zile) nazo 20, misingi ya usalama 15, kisha huduma za IP na otomatiki zinachukua 10 kila moja. Mimi nilijipa miezi sita, saa moja na nusu kila alfajiri kabla ya kazi, siku tano kwa wiki. Jumamosi nilirudia ya wiki nzima, Jumapili nilipumzika na familia. Mwenye vibarua visivyotabirika ajipe miezi minane, si vibaya.

Sasa suala la madesa, na hapa nisikilizeni vizuri wadogo zangu. Mtandaoni yanauzwa maswali ya mtihani yaliyoibwa, pamoja na majibu yake. Utaambiwa kila mtu anayatumia. Kabla ya kuanza mtihani unakubali masharti ya kutunza siri ya maswali, kwa hiyo anayeuza na anayenunua wote wamevunja ahadi, na Cisco inaweza kufuta matokeo na kumfungia mtu asifanye tena. Lakini hofu ya kufungiwa siyo sababu yangu kubwa. Sababu yangu ni hii ifuatayo.

Mwaka 2019, kabla sijawa na cheti chochote, niliitwa na mteja mmoja mwenye jengo la ghorofa tatu. Alikuwa amefunga kamera mpya, akataka ziwe kwenye VLAN yake, namba 30. Nikakaa chini na kompyuta mpakato, nikaingia kwenye swichi ya ghorofa ya tatu kupitia mtandao, na kwenye poti inayoziunganisha swichi mbili nikaandika:

switchport trunk allowed vlan 30

Nilipobonyeza tu, mashine za mauzo zikazima mawasiliano, simu za mezani zikakata, na mimi mwenyewe nikatupwa nje ya swichi. Nilipaswa kuandika "allowed vlan add 30". Bila neno lile "add", swichi haiongezi VLAN kwenye orodha, inafuta orodha yote na kuacha hiyo moja uliyoitaja. Nilipanda ngazi mbio na kebo ya konsoli mkononi, ile inayokuingiza kwenye swichi bila kupitia mtandao, wateja wakiwa wamepanga foleni pale chini. Ilichukua dakika kumi na moja. Neno hilo nilikuwa nimelisoma mahali, ningeweza hata kulitambua kwenye swali la kuchagua a, b, c. Mikono yangu ndiyo haikulijua. Mtu aliyepata cheti kwa madesa yuko pale pale nilipokuwa mimi siku ile, tofauti ni kwamba yeye ana karatasi inayomwambia mteja amwamini.

Kwa hiyo jiandae kwa mikono. Pakua Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao kwenye kompyuta, inapatikana bure ukijisajili kwenye Cisco Networking Academy, na haihitaji mashine kali. Jenga mtandao mdogo, swichi mbili na ruta moja, uufanye ufanye kazi, halafu uuharibu kwa makusudi. Toa poti moja kwenye VLAN yake. Kosea barakoa ya anwani (subnet mask, namba inayotenganisha sehemu ya mtandao na sehemu ya kifaa) upande mmoja. Andika kosa langu lile la "add" uone kinachotokea. Kisha mwambie rafiki yako akuharibie bila wewe kuona, utafute kosa huku ukijipima kwa saa. Tangu 2022 hivi mtihani umekuwa na maswali ya vitendo, unapewa swichi na ruta za kwenye skrini uzisanidi mwenyewe, na mtu aliyezoea kuharibu na kutengeneza hapo hababaiki.

Kugawa mtandao vipande, sabneti, ndiko kunakoangusha wengi. Msinunue vikokotoo. Chukua 10.4.77.200/22. Namba 22 ni idadi ya biti za sehemu ya mtandao, nayo inakupa barakoa 255.255.252.0. Toa 252 kwenye 256, unabaki na 4, maana yake vipande vinaruka nne nne kwenye fungu la tatu, yaani namba ya tatu ya anwani: 0, 4, 8, mpaka 72, 76, 80. Fungu la tatu la anwani yetu ni 77, na kizidishe kikubwa kisichoizidi 77 ni 76. Basi mtandao ni 10.4.76.0. Kipande kinachofuata kinaanza 80, kwa hiyo anwani ya mwisho, ile ya matangazo, ni 10.4.79.255. Katikati una anwani 1,022 za kugawa. Mara ya kwanza itakuchukua dakika tano, ukizoea sekunde ishirini.

Mimi mazoezi haya niliyafanyia kwenye daladala kutoka Buzuruga kwenda mjini, kwa namba za magari. Gari la mbele limeandikwa T 178, basi nasema 192.168.1.178/27. Barakoa inaishia 224, kwa hiyo vipande vinaruka 32 kwenye fungu la mwisho, kizidishe cha chini ni 160, mtandao unaanza 160 na kuishia 191. Namba ikizidi 255 nachukua tarakimu mbili za mwisho. Kwa foleni ya asubuhi nilikuwa napata maswali kumi na tano kabla ya kushuka.

Unapojisajili kwa Pearson VUE, kampuni inayosimamia mtihani, angalia jina lako kabla hujalipa. Lazima lifanane herufi kwa herufi na kitambulisho utakachobeba. Namjua kijana aliyejisajili kwa majina mawili anayoitwa mtaani, kadi yake ya NIDA ina matatu na la kwanza ni tofauti kabisa, akarudishwa mlangoni na ada yake ikapotea. Beba vitambulisho viwili, cha pili kiwe na sahihi yako. Kuna uwezekano wa kufanyia nyumbani kwa kamera, lakini kwa umeme na intaneti ya kwetu sikushauri. Mimi nilipanda basi alfajiri kwenda Dar es Salaam, nikalala kwa shemeji, nikafika kituo cha mtihani nusu saa kabla.

Ndani unapewa kibao cha kufutika na kalamu. Kabla ya swali la kwanza niliandika pale namba za barakoa, 128, 192, 224, 240, 248, 252, 254, 255, na chini yake ukubwa wa vipande. Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: ukishajibu swali na kusonga mbele, huwezi kurudi nyuma. Swali likikukwamisha dakika tatu, chagua unaloliamini, songa. Soma vizuri kama wanataka jibu moja au mawili, maana Kiingereza cha maswali kina mitego. Ukikosa, unasubiri siku tano ndipo uruhusiwe kurudia, na karatasi ya matokeo inakuonyesha ni eneo gani limekuangusha. Anzia hapo, usirudie kitabu kizima.

Ukishafaulu, kuna viwango vya kazi ambavyo mtihani hauviulizi sana lakini mteja anakulipa kwa ajili yake. Kabla ya kugusa kifaa, nakili usanidi wake wote uuweke pembeni. Kama unafanya kazi kwa mbali, andika kwanza "reload in 10", swichi itajiwasha upya baada ya dakika kumi. Ukijifungia nje kama nilivyojifungia mimi, inarudi kwenye usanidi wa zamani maana mpya hujauhifadhi. Mambo yakienda sawa, "reload cancel", kisha hifadhi. Weka lebo kwenye kebo, ncha zote mbili. Ukitaka kupima udhaifu wa mtandao wa mtu, pata ruhusa ya maandishi. Kuingia mfumo bila idhini ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hata kama nia yako ilikuwa njema. Ukikutana na majina na namba za simu za wateja wake, yaache yalipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023. Na ukikosea, sema. Siku ile ya VLAN 30 nilimfuata meneja nikamweleza nilichoandika, kwa nini kiliharibu, na muda mashine zilipokuwa chini. Alikunja uso, akauliza kama kitarudia. Bado ni mteja wangu.

Peleka pia vyeti vyako Tume ya TEHAMA, inasajili wataalamu wa fani hii. Uhai wa CCNA unaweza kuurefusha kwa kufanya mtihani tena au kwa kukusanya alama 30 za mafunzo endelevu. Mimi nilichagua mtihani, na nilianza kuusomea miezi minne kabla ya tarehe ya kuisha.

Leo usiku anza na huu: 172.16.45.14/20. Andika mtandao wake na anwani ya matangazo kwa kalamu, kwenye daftari, kabla hujafungua Packet Tracer.