Somo: Pima upepo wa pikipiki kabla hujaiwasha

Wakuu, poleni na baridi. Juzi kijiweni Mwanjelwa, hapa Mbeya, tairi moja ya nyuma imepimwa na geji tatu, ikatoa majibu matatu: PSI (kipimo cha msukumo wa upepo) 26, 29 na 33. Kila mtu akaapia geji yake. Nilipouliza vizuri, ile 26 ilipimwa alfajiri, na ile 33 mwenye pikipiki alikuwa ndiyo kwanza ametoka Uyole na abiria. Kabla ya kulaumu geji, tuanze na saa.

Hatua ya 1: tairi ipoe. Pima ikiwa imelala usiku kucha, au imekaa kivulini kwa muda wa masaa matatu hivi. Joto likipanda nyuzi 6, upepo unapanda karibu PSI 1, na kutembea tu kunaongeza 3 hadi 5, wakati mwingine zaidi. Namba za kiwandani ni za tairi baridi. Hata pikipiki iliyoegeshwa tairi moja juani na nyingine kivulini itakudanganya.

Hili nimelilipia. Nilishuka kutoka Isyonje na gunia la viazi, nikapima, nikakuta 36. Nikaona umezidi, nikatoa hadi 32. Kesho yake sikupima, nikapakia tena. Njiani tyubu ikateleza ndani ya rimu, valvu ikang'oka kwenye shina. Siku hiyo nilisukuma pikipiki yenye viazi, na viazi vya kwetu mnavijua uzito wake.

Hatua ya 2: ijue namba yako. Iko kwenye kibandiko, mara nyingi kwenye kava ya cheni, au kwenye kitabu cha pikipiki. Boda nyingi za cc 125 na 150 hucheza mbele 25, nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukibeba abiria. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi siyo hiyo. Ule ni mwisho wa uwezo wa tairi. Geji yako ikisoma bar, 1 bar ni PSI 14.5, kwa hiyo 28 ni kama 1.9.

Hatua ya 3: geji iwe yako. Nunua yenye mshale inayoishia 60. Ile ya malori inapita 150, na kila kistari chake kinabeba PSI nyingi. Tofauti ya PSI 2 huioni kabisa. Ikianguka kwenye lami, ilinganishe na nyingine kabla ya kuiamini tena. Geji ileile kila siku, hata ikikosea kidogo, itakuonyesha kama upepo unapungua. Ukiazima leo kwa huyu kesho kwa yule, hujui kilichobadilika ni tairi au geji.

Hatua ya 4: kubana. Zungusha gurudumu hadi valvu ikae mahali mkono unafika bila kugusa cheni. Futa vumbi, bana geji moja kwa moja bila kuipinda. Ukisikia "tsss" ndefu, hujabana, toa, rudia. Tyubu ya pikipiki ni ndogo, kila "tsss" inaondoka na upepo wako. Pima mara mbili, zikipishana sana pima ya tatu. Kisha paka mate mdomoni mwa valvu: yakitoa mapovu, kipini cha ndani kinavujisha. Rudisha kifuniko.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Kyela:* Shikamoo fundi. Nikijaza Mbeya nikashuka huku, nipunguze?

Marahaba. Usiguse. Mbeya iko kama mita 1,700, Kyela kama 500. Huko chini hewa ya nje ni nzito, na geji hupima tofauti ya ndani na nje, kwa hiyo itasoma karibu PSI 2 pungufu. Lakini joto la Kyela linarudisha kama hizo hizo. Lala nayo huko, upime asubuhi.

*Kutoka Makambako:* Kompresa iko mbali na kwangu, nikifika tairi imeshachemka. Nifanyeje, kaka?

Pima nyumbani ikiwa baridi. Tuseme umekuta 25 na unataka 28, zinapungua 3. Ukifika, pima kwanza. Ikisoma 29, ongeza 3 iwe 32. Asubuhi utakuta 28 yako. Ukiweza, nunua pampu ya mguu umalizie nyumbani.

*Kutoka Iringa:* Kamwene. Valvu yangu ya nyuma imelala upande, lakini upepo upo.

Kamwene. Geji inaweza kusoma sawa, ila tyubu imeshaanza kutembea. Uliendesha na upepo mdogo siku fulani. Mpe fundi pancha atoe upepo wote, ainyooshe, ajaze upya. Mwambie asikaze ile nati ya valvu hadi kwenye rimu. Ikikazwa, tyubu ikitembea huoni valvu ikilala, utaona imekatika.

*Kutoka Mbalizi:* Nikibeba mshikaki, yaani abiria wawili, niweke ngapi?

Kibandiko kina namba ya abiria mmoja. Wa pili mshushe.

*Kutoka Tukuyu:* Huku mvua haikatiki, barabara ya ndani ni utelezi. Wenzangu wanatoa upepo hadi 18 ili tairi ishike.

Inashika kweli kwenye tope. Shida ni ukifika lami ukapakia ndizi na upepo ule ule. Kama lazima utoe, tembea na pampu, ujaze kabla hujapanda lami.

*Tukuyu tena:* Ndaga fijo, fundi. Pampu ninayo, geji ndiyo sina.